Mafahali Wawili Katika Zizi Moja: Maana ya Kauntapointi

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika kurasa zetu za Kiswahili nipate kusema neno juu ya jambo ambalo wengi wetu tulilisikia darasani, tukaliandika daftarini, tukalijibu katika mtihani, kisha tukaliacha pale pale mlangoni tulipotoka. Jambo lenyewe ni kauntapointi. Ukimwuliza mwanafunzi wa muziki maana yake, atakwambia ni sheria: usiandike tano mbili zikifuatana, usiandike nane mbili zikifuatana, usiruke mbali, usimalizie pabaya. Ukimwuliza sheria hizo zina faida gani, atanyamaza. Na yule asiyesoma muziki atasema kwamba hayo ni mambo ya Wazungu wa kale waliovaa nywele za bandia, sisi hayatuhusu.

Mimi nasema yatuhusu sana, na kwaya ya shule yetu yaihusu zaidi. Nasema pia kwamba kwaya isiyoimba kauntapointi hata mara moja katika mwaka huwanyima waimbaji wake wengi haki yao. Wasomaji na wanivumilie nieleze, kisha wahukumu wenyewe.

Asili ya neno ni Kilatini, punctus contra punctum, yaani nukta kuikabili nukta. Zamani noti za muziki ziliitwa nukta. Basi aliyeweka nukta moja mbele ya nyingine alikuwa anaweka sauti moja kuikabili sauti ya pili. Walakini jambo lenyewe ni kubwa kuliko nukta mbili. Kauntapointi ni ufundi wa kuimba tuni mbili, tatu, nne au zaidi kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa wimbo kamili wenye mwendo wake, na zote zikasikilizana.

Tazameni tofauti yake na nyimbo nyingi tulizozoea vitabuni. Katika hizo, sauti ya kwanza ndiyo yenye tuni. Sauti ya pili, ya tatu na ya nne zipo kwa kuitegemeza tu, kama nguzo zinavyotegemeza dari. Zote hutamka neno moja kwa mpigo mmoja, na wimbo ukiisha msikilizaji huenda zake akiimba sauti ya kwanza. Mimi niliimba besi shuleni miaka minne. Ziko nyimbo ambazo mpaka leo nikiziimba peke yangu jirani hawezi kuzitambua, kwa kuwa besi yake ni do, do, fa, do, sol, do, basi. Siwalaumu waliozitunga. Nguzo ni kitu cha maana, na bila nguzo dari huanguka. Lakini ni nani amwalikaye mgeni aje kutazama nguzo?

Kauntapointi ni kama mkeka. Katika mkeka hakuna ukindu ulio bwana na ukindu ulio mtumwa. Huu hupita juu ya ule, na hatua moja mbele ule hupita juu ya huu. Ukiufuata mmoja kwa jicho utaona una njia yake toka mwanzo hata mwisho. Na ukiuchomoa, mkeka mzima utaonyesha tundu.

Maneno matupu hayatoshi, kwa hiyo tafuteni mwenzenu mmoja mwimbe mfano mdogo nilioutunga kwa sol-fa. Wa chini aimbe polepole hivi:

do – re – mi – fa – mi – re – do.

Wa juu aimbe pamoja naye, noti kwa noti, na do yenye alama ni do ya juu:

do' – ti – sol – la – do' – ti – do'.

Kwanza kila mmoja aimbe peke yake. Sauti ya chini ni kilima: yapanda hatua kwa hatua, yashuka hatua kwa hatua. Sauti ya juu ni bonde: yashuka, kisha yapanda kurudi ilikotoka. Kila moja yaweza kusimama yenyewe. Sasa imbeni pamoja. Kati ya noti saba zipo hatua sita. Katika hatua nne, mmoja hupanda hali mwenzake anashuka. Katika hatua mbili tu huenda upande mmoja, kama marafiki wawili walioshikana mikono kwa muda mfupi, kisha wakaachana kila mtu na safari yake. Mwisho hukutana do kwa do, kila mmoja akitokea upande wake.

Hapo ndipo utakapoijua sababu ya zile sheria. Kwa nini mwalimu hukataza nane mbili zikifuatana? Je, huumiza sikio? La. Wanaume na watoto wakiimba wimbo mmoja pamoja, huimba kwa nane tangu mwanzo hadi mwisho wala hakuna anayekereka. Hukatazwa kwa sababu sauti mbili zikienda sambamba kwa nane, sikio halisikii tena watu wawili; lasikia mtu mmoja mwenye kifua kikubwa. Tano nazo ni karibu na hivyo. Kwa hiyo sheria ile inalinda uhuru wa kila sauti. Inasema: usimmeze mwenzako, wala usikubali kumezwa.

Watu wengine hudhani kwamba kauntapointi haitaki mgongano. Hilo si kweli. Iko namna moja ambayo sauti hushikilia noti yake wakati mwenzake amekwisha kusogea. Zinagongana, na sikio lauma kidogo. Ndipo ile iliyoshikilia hushuka hatua moja, na utamu unaokuja huwa mkubwa kuliko kama zisingaligongana kabisa. Mgongano unaruhusiwa, ila una adabu zake: uandaliwe, usikike, kisha upatanishwe. Nimehudhuria mikutano mingi ya wazee, ya wafanyakazi na ya vyama vya wanafunzi, na ningalifurahi kama adabu hizo tatu zingalibandikwa ukutani.

Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Katika mambo mengi wamesema kweli. Lakini kauntapointi ni zizi ambamo mafahali wawili, hata wanne, hukaa, na kila mmoja hubaki fahali.

Aliyeyapanga mafundisho haya kwa namna iliyoenea ni Johann Joseph Fux, mkuu wa muziki katika jumba la Kaizari huko Vienna. Mwaka 1725 alitoa kitabu kwa Kilatini, Gradus ad Parnassum, kilichoandikwa kama mazungumzo ya mwalimu na mwanafunzi wake. Humo mwanafunzi hupandishwa ngazi tano: kwanza noti moja kwa moja, kama ule mfano wetu, kisha noti mbili kwa moja, kisha nne kwa moja, kisha zile noti za kushikiliwa nilizozitaja, na mwisho zote zikachanganywa. Mwalimu katika mazungumzo hayo anawakilisha Palestrina, mtunzi wa Italia aliyefariki mwaka 1594, ambaye Fux alimheshimu kuliko wote. Haydn alijifundisha mwenyewe kwa kitabu hicho, na Beethoven alipokwenda Vienna mwaka 1792 kuwa mwanafunzi wa Haydn, alipewa mazoezi yale yale. Basi kijana anayelalamika kwa kurudishiwa daftari lenye wino mwekundu ajue kwamba waliotangulia walirudishiwa pia.

Ila ufundi ulitangulia kitabu kwa miaka mamia. Uko wimbo wa Kiingereza wa karne ya 13, uliohifadhiwa katika hati iliyotoka kwa watawa wa Reading, unaosifu kuja kwa kiangazi. Tuni yake ni moja, lakini waimbaji wanne huiingia kwa kufuatana, mmoja nyuma ya mwenzake, hali wawili wengine chini wanarudia maneno yao machache tena na tena. Sauti sita, na noti za kujifunza ni chache. Na karibu na mwaka 1570 Mwingereza mwingine, Thomas Tallis, alitunga wimbo wa sauti 40, kwaya nane za watu watanotano, kila mmoja na njia yake. Sisemi kwaya yetu ianzie hapo!

Nataka kukaa kidogo kwa Johann Sebastian Bach, kwa sababu alikuwa mwalimu wa wanafunzi kama sisi. Tangu 1723 mpaka alipofariki mwaka 1750 alifanya kazi katika shule ya Mtakatifu Thomas mjini Leipzig, na wavulana wa shule hiyo ndio walioimba katika makanisa ya mji. Leo watu humtaja Bach kwa kuinua macho juu, wakadhani aliimbiwa na malaika. Sivyo. Mwezi wa Agosti 1730 aliiandikia halmashauri ya mji barua ya malalamiko, na mwisho wake akawahesabu wanafunzi wake: 17 wanafaa, 20 hawajafaa bado, na 17 hawafai kabisa. Jumla 54. Mwalimu wa kwaya anayeshika kichwa kila siku ya mazoezi na alisome jambo hili mara mbili.

Na pamoja na hesabu hiyo, Bach hakuwapa wale wavulana do, do, sol, do. Aliwapa fuga. Maana ya fuga ni mkimbio. Sauti moja hutangulia na tuni fupi, peke yake, watu wote wakaisikia. Ikiimaliza, sauti ya pili huingia na tuni ile ile, kwa kawaida ikianzia tano juu au nne chini. Je, ile ya kwanza ifanye nini? Haiondoki, wala haipigi kelele kumshinda mgeni. Hutafuta jambo jingine la kusema, jambo linalolingana na lile la mwenzake. Kisha huja ya tatu, kisha ya nne. Besi naye siku yake hufika, akaitamka tuni kwa sauti yake nzito, na wengine wote wakampisha. Aliyewahi kuimba besi katika fuga, baada ya miaka ya kuwa nguzo, ajua furaha ninayoisema.

Mwaka 1747 Bach alimzuru Frederick wa Pili, mfalme wa Prussia, huko Potsdam. Mfalme alikuwa mpiga filimbi hodari, akampa tuni moja ngumu, akamtaka atunge fuga juu yake papo hapo. Bach akapiga fuga ya sauti tatu. Baadaye, aliporudi Leipzig, aliandika juu ya tuni hiyo kazi nzima, pamoja na fuga ya sauti sita, akaichapisha na kumpelekea mfalme. Kwangu mimi fundisho ni hili: hata tuni ya mfalme, ikiingia katika fuga, haina haki kupita nyingine. Itaingia juu, itaingia kati, itaingia chini, na kila mara itapokewa na wenzake kwa masharti yale yale.

Sasa msomaji wa hapa Uganda atauliza, je, sisi wenyewe hatukuwa na kitu cha namna hii? Tulikuwa nacho na tunacho, ila tusikiite kwa haraka jina lisilo lake. Chukueni marimba ya amadinda ya Buganda. Ina vibao 12, na wapigaji watatu. Wawili hukaa wakikabiliana. Wa kwanza, omunazi, huanza kupiga mapigo yaliyo sawasawa. Wa pili, omwawuzi, hupenyeza mapigo yake katikati ya yale, pigo lake likianguka hasa pale mwenzake anaponyamaza. Wa tatu, omukoonezi, husikiliza noti zinazotoka katika vibao viwili vya chini kabisa, naye huzirudia juu katika vibao viwili vidogo vya mwisho.

Hapo pana ajabu. Kila mpigaji kati ya wale wawili wa kwanza ana nusu tu ya wimbo. Mwenyewe peke yake hasikiki kuwa na maana kubwa. Wakiungana, mbio inakuwa kubwa kupita mikono ya mtu mmoja, na sikio la msikilizaji hukusanya noti za juu pamoja na noti za chini pamoja, likasikia tuni mbili tatu ambazo hakuna mkono wowote unaozipiga. Mtaalamu wa Austria, Gerhard Kubik, aliyefundishwa na Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa jumba la Kabaka, aliyaeleza mambo haya katika jarida mwaka 1960. Ilikuwa bahati, kwa maana jumba lile la Mengo lilivamiwa mwezi wa Mei 1966, wanamuziki wake wakatawanyika, na mwaka uliofuata falme zikafutwa zisirudi mpaka 1993. Ufundi haukufa, kwa kuwa walikuwako waliofundisha wengine. Leo amadinda hupigwa hata mashuleni.

Basi tofauti ni hii. Katika kauntapointi ya Fux na Bach, kila sauti ni nzima, nayo hujifunza kuishi pamoja na nyingine nzima. Katika amadinda, kila mmoja ana nusu, na uzima wa wimbo uko katikati yao, hauko kwa yeyote. Na huko Ituri, katika misitu ya Kongo, Wambuti huimba kwa namna nyingine tena: kila mwimbaji ana vipande vyake vifupi, huviingiza na kuvigeuza, mpaka sauti nyingi zikajaa msitu. Mambo haya matatu si ndugu wa tumbo moja, wala hakuna aliyemwiga mwenzake. Lakini yote yakubaliana katika jambo moja: watu waweza kuimba mambo mbalimbali kwa wakati mmoja, na wakawa wanaimba pamoja. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba sikio la kijana wa hapa haliwezi kauntapointi. Aliyekua akisikia omunazi na omwawuzi ana sikio lililokwisha kuanza somo.

Najua wako watakaonipinga, na hoja zao si za kudharauliwa.

Wa kwanza watasema kwamba sauti zikiimba maneno mbalimbali kwa wakati mmoja, maneno hayasikiki. Ni kweli, na malalamiko hayo ni ya kale. Hata wakuu wa Kanisa Katoliki katika karne ya 16 waliyatoa. Dawa yake iko ndani ya ufundi wenyewe. Maneno yawe machache. Kila sauti iingie kwa zamu, ili neno lisikike wazi kabla halijafunikwa. Wimbo wenye beti saba za mafundisho na uimbwe kwa namna ile ya nguzo. Wimbo wenye mstari mmoja wa sifa, au wa furaha, au wa huzuni, ndio ufaao kufumwa. Kila kazi na chombo chake.

Wa pili watasema jambo zito zaidi. Katika lugha zetu nyingi, Kiganda mathalan, maana ya neno hutegemea kupanda na kushuka kwa sauti. Tuni ikipanda pale neno linaposhuka, neno huharibika. Tuni nyingi za kutoka Ulaya zilipotiwa maneno ya lugha hizo ziliyaharibu hivyo hivyo. Na kauntapointi yataka sauti moja ipande hali nyingine inashuka. Basi mmoja wao hana budi kulipotosha neno. Hoja hii ni ya kweli, nami siwezi kuipindua. Mtunzi wa Kiganda hana budi kutafuta njia nyingine, na sauti zinazokwenda sambamba humfaa kwa sababu hiyo hasa.

Lakini tazameni sasa bahati iliyo mikononi mwetu sisi wa kurasa hizi. Kiswahili hakina jambo hilo. Ukisema «pamoja» kwa kupanda au kwa kushuka, ni pamoja tu. Kinachodaiwa na Kiswahili ni mkazo, ambao karibu siku zote hukaa katika silabi ya pili kutoka mwisho: pa-MO-ja, ha-BA-ri, wa-na-fu-NZI hapana, wa-na-FU-nzi. Mtunzi akiiweka silabi hiyo katika pigo zito, tuni yaweza kwenda itakako. Kwa hiyo katika lugha tulizo nazo hapa, Kiswahili ni mojawapo ya zile zinazomfungulia mtunzi wa kauntapointi mlango bila kumtoza kodi. Wenzetu wengi husoma Kiswahili kwa ajili ya mtihani, au kwa ajili ya biashara, au kwa ajili ya kusafiri Mombasa na Dar es Salaam. Sijasikia hata mmoja anayekisoma kwa ajili ya kutunga fuga. Na nafasi iko wazi, haina mwenyewe.

Wa tatu watasema muda hautoshi. Kwaya ina mazoezi mara mbili kwa juma, mashindano yako karibu, na sasa kuna njia rahisi: vinanda vya umeme vyenye ngoma na besi ndani yake, na nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, ambazo wewe wazifungulia tu ukaimba juu yake. Nimeona kwaya za shule kadha zikifanya hivyo. Vijana thelathini wamesimama, wote wanaimba tuni moja, na mashine imechukua kazi ya sauti tatu zilizobaki. Wanavaa vizuri, wanacheza vizuri, watu wanapiga makofi. Lakini mimi najiuliza, wale besi wamejifunza nini mwaka mzima? Wamejifunza kwamba kazi yao yaweza kufanywa na mashine. Na walipokuwa nguzo walijifunza jambo lililo afadhali kidogo tu, kwamba kazi yao ni kumtegemeza mwingine.

Hapa ndipo lilipo neno langu hasa. Shule yatufundisha mambo mawili kwa urahisi. Yatufundisha kushindana, ambapo mmoja hushinda na wengine hushindwa. Yatufundisha kutii, ambapo mmoja husema na wengine hufuata. Yote mawili ni ya lazima. Lakini tukitoka nje ya lango la shule twakuta kwamba maisha yataka jambo la tatu, ambalo halina somo katika ratiba: kusema lako kwa ukamilifu huku ukimsikiliza mwenzako anayesema lake, wala usinyamaze, wala usimnyamazishe. Katika nyumba yataka hivyo, katika ofisi, katika baraza, katika nchi yenye lugha nyingi kama hii. Sijui chumba kingine shuleni ambamo jambo hilo hufanywa kwa mwili na pumzi, ila chumba cha kwaya, tena siku ile tu inapoimbwa kauntapointi. Mwimbaji asiyemsikiliza mwenzake hupotea. Mwimbaji anayemsikiliza mno hunaswa na tuni ya mwenzake, akaiacha yake. Hana budi kuyafanya yote mawili, na hakuna maneno ya mwalimu yawezayo kumfundisha isipokuwa kuimba.

Nisiwe wa kulalamika tu. Haya ndiyo ninayoyapendekeza.

Kwanza, kila muhula kwaya ijifunze wimbo mmoja wa kufuatana, ule ambao wote huimba tuni moja lakini huingia kwa zamu. Ni kauntapointi iliyo rahisi kuliko zote, maana tuni ya kujifunza ni moja tu. Hata wale 17 wa Bach wasiofaa wangaliweza.

Pili, kila mwaka kuwe na wimbo mmoja wa sauti mbili ulio kauntapointi halisi, sauti ya pili ikiwa na tuni yake, na waimbaji wabadilishane: waliokuwa juu juma hili wawe chini juma lijalo, kadiri koo zao zinavyoruhusu. Mtu akiimba njia zote mbili huacha kudharau mojawapo.

Tatu, wanafunzi wa Kiswahili na wanafunzi wa muziki waketi pamoja mara moja kwa muhula. Hawa walete mstari mmoja wenye mkazo mzuri, wale walete noti. Wakianza na noti saba, kama zile zangu, hapana aibu. Mashindano ya kutunga huwa ya mashairi na insha tu; kwa nini lisiwepo la wimbo wa sauti mbili wa Kiswahili? Bwana Mhariri akikubali, sol-fa yake yaweza kuchapwa katika kurasa hizi bila gharama kubwa.

Nne, sisi tuliomaliza. Siku ya wanafunzi wa zamani huja kila mwaka, nasi huja kula, kutoa hotuba na kuwaambia vijana jinsi shule ilivyokuwa ngumu zamani. Tuongeze jambo moja. Tuimbe pamoja nao wimbo mmoja, wao wakianza, sisi tukiingia nyuma yao. Wazee wa besi tupo wengi, tena koo zetu zimezidi kushuka.

Atakayeona nimesema visivyo na aandike katika toleo lijalo, nami nitafurahi. Sauti ya pili ikiingia, ya kwanza haina haki ya kununa. Ina wajibu wa kutafuta jambo jingine jema la kusema.

Ni mimi,
Besi wa Zamani